Wakazi wanataka baa ya mashoga ifungwe mtaani kwetu Kisumu: naitetea vipi?

Swali: Wakili, salaam. Naishi Kisumu, mtaa wa nyumba za wenyewe na za kupangisha, mimi, mume wangu na watoto watatu. Kwenye kona yetu kuna baa ndogo, huu ni mwaka wake wa pili. Wateja wake wengi ni mashoga na wasagaji, na mtaa mzima unajua. Sijawahi kutukanwa wala kusumbuliwa na mtu anayetoka pale, na usiku nikishushwa na boda ni taa yao inayonimulikia hadi getini kwangu. Sasa chama cha wakazi kinazungusha karatasi ya saini ili kaunti isiwape leseni tena. Sababu iliyoandikwa juu yake ni “kulinda maadili ya mtaa”. Baa ya upande wa stendi ya boda inapiga muziki hadi saa 9 usiku na hakuna aliyeizungushia karatasi. Mimi sitatia saini, na zaidi ya hapo nataka wale watu wabaki. Lakini naogopa. Nikiwatetea navunja sheria? Na naanzia wapi?

Jibu: Dada yangu, asante kwa kuandika. Kabla ya kukujibu nimeondoa jina la mtaa wako, pamoja na mambo mawili uliyoyataja ambayo mwenyeji wa Kisumu angeyasoma akaijua hiyo kona. Nakuomba nawe ufanye hivyo kila unapoandika juu ya jambo hili. Mbele nitakueleza kwa nini.

Tuanze na hofu yako. Kuitetea baa hiyo si kosa, kukaa ndani yake si kosa, na kuwa shoga au msagaji kwenyewe si kosa katika sheria za Kenya. Kanuni ya Adhabu inaadhibu kitendo. Kifungu cha 162 kinazungumzia kujamiiana “kinyume cha maumbile” na adhabu yake inafika miaka 14 jela. Kifungu cha 165 kinahusu matendo “ya aibu” kati ya wanaume, na adhabu ni miaka 5. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu hivyo, na bado vipo. Sikufichi hilo, kwa sababu ndilo linalowafanya watu wa pale kwenye kona waishi wakitazama nyuma. Lakini hakuna kifungu kinachomkataza mtu kunywa soda au bia na wenzake, wala kinachomkataza mwenye baa kuwauzia, wala kinachomkataza jirani kusema “hawa hawajanikosea”.

Halafu kuna uamuzi wa tarehe 24 Februari 2023. Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, ilisema bodi ya mashirika yasiyo ya kiserikali ilikosea ilipokataa kusajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji ambalo Eric Gitari aliliombea usajili. Majaji Philomena Mwilu, Smokin Wanjala na Njoki Ndung'u walishikilia kwamba uhuru wa kujumuika ulio katika kifungu cha 36 cha Katiba ni wa kila mtu, na kwamba kumnyima mtu uhuru huo kwa sababu tu ya jinsia anayoipenda ni ubaguzi. Mbunge wa Homa Bay Mjini, George Peter Kaluma, aliiomba mahakama iutazame upya uamuzi huo, na Septemba mwaka huo huo ombi lake lilitupwa. Kesi ile ilihusu usajili wa shirika na haikugusa leseni ya pombe, kwa hiyo usiende kwenye kikao cha kaunti ukasema Mahakama ya Juu imeruhusu baa za mashoga. Sema lililosemwa: ubaguzi wa aina hii hauna msingi katika Katiba, na ofisi ya umma inayotoa leseni inafungwa na Katiba hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe. Leseni za pombe ni kazi ya kaunti, na Jedwali la Nne la Katiba linasema hivyo waziwazi. Kaunti zina sheria zao, lakini nyingi zimejengwa juu ya Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile tunayoiita sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Sheria ile inauliza mambo ya kushikika. Baa iko umbali gani na shule? Ni lazima iwe mita 300 au zaidi kutoka chekechea, shule ya msingi, ya upili au taasisi nyingine ya walio chini ya miaka 18. Inafungua na kufunga saa ngapi? Kwa sheria ile ni saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana wikendi na sikukuu. Je, kuna mtoto anayeuziwa pombe? Choo kipo? Afisa wa afya ya umma ameridhika? Kamati ya leseni ya kaunti pia hupima maslahi ya wakazi, na hapo ndipo neno “maadili” hupenyezwa. Lakini hakuna mahali sheria inapouliza mteja anampenda nani akirudi nyumbani.

Ndiyo maana ushauri wangu mkubwa kwako ni huu: ivute kesi nzima irudi kwenye mambo ambayo baa yoyote huulizwa. Watu wa upande ule wanataka mjadala uwe juu ya wateja ni akina nani. Wewe, kila ukiulizwa, rudi kwenye kelele, saa, taa, takataka, watoto na maegesho. Ukikubali kuingia kwenye mjadala wao utapoteza, hata ukiwa na haki, kwa sababu ndani ya chumba cha mkutano kuna watu wanaokubaliana nawe ambao hawatathubutu kunyoosha mkono kwa jambo lenye jina hilo. Watanyoosha kwa jambo la taa.

Hapa nataka niwe mkweli kuhusu udhaifu wa baa yako, kwa sababu ukijidanganya hutawasaidia. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba iko katikati ya makazi. Machi 2024 Wizara ya Mambo ya Ndani ilitoa maagizo makali kuhusu pombe, na baa zilizo ndani ya mitaa ya kuishi zilikuwa miongoni mwa zilizolengwa. Ukiongeza Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, ploti iliyopangiwa makazi haiwezi kugeuzwa baa bila idhini ya kaunti ya kubadilisha matumizi. Kisumu na Nakuru zote zina nyumba za kuishi zilizogeuzwa mikahawa na ofisi pole pole, watu wakidhani leseni ya biashara imetosha. Haijatosha. Kwa hiyo mwulize mwenye baa, kwa upole na faraghani, kama idhini ya matumizi ya ardhi ipo. Kama haipo, aiombe sasa, kabla ya kikao cha leseni. Ombi hilo hutangazwa ili majirani watoe maoni, na hapo wewe utakuwa na nafasi rasmi ya kuandika. Mtu anayeitakia baa mabaya akigundua pengo hili kabla ya mwenye baa, hatahitaji kutaja maadili hata mara moja.

Nikae kidogo kwenye kelele, maana ndiyo inayoua baa nyingi, na ndiyo inayoweza kurekebishwa kwa pesa kidogo. Kanuni za kelele za 2009 chini ya sheria ya mazingira zinaweka usiku kuanzia saa 2 na dakika moja hadi saa 12 asubuhi. Mtaa wa makazi ya kawaida unaruhusiwa desibeli 50 nje ya nyumba mchana. Mtaa wenye makazi, maduka na sehemu za starehe pamoja unaruhusiwa 55. Usiku yote mawili hushuka hadi 35. Desibeli 35 ni ndogo mno. Baa yoyote yenye spika inayotazama nje itaivuka, hiyo ya kona na ile ya stendi vilevile. Jambo hilo linakupa hoja nzuri: kipimo kikija, kipime zote. Lakini pia linakuonya kwamba “hawana kelele” ni maneno yanayoweza kuanguka mbele ya mashine.

Muombe mwenye baa mfanye hivi Ijumaa moja saa 4 usiku, muziki ukiwa kama kawaida. Mwache ndani msimamizi wake, ninyi wawili mtoke mkasimame chini ya dirisha la chumba cha kulala kilicho karibu zaidi na ukuta wa baa. Kisumu joto halitulii, watu hulala vioo vya luva vikiwa wazi, na juu ya dirisha kuna matundu ya hewa yasiyofungika. Pale mtasikia kitu ambacho ndani ya baa hakisikiki: maneno ya wimbo hayafiki, sauti kali zimezuiwa na kuta, lakini besi inafika. Inapita kwenye sakafu na mabati, inagonga. Mtu aliyelala haamshwi na wimbo, anaamshwa na ule mdundo wa besi usiokoma. Dawa yake ni kuliondoa lile spika kubwa la besi sakafuni na kuliweka juu ya mpira mzito au kipande cha godoro, kulitenga na ukuta wa jirani, na kupunguza besi pekee bila kushusha muziki wote. Spika nyingine zielekezwe ndani. Mlango wa upande wa nyumba uwekwe pazia zito la pili. Baada ya hapo msimame tena palepale msikilize.

Na kuna robo saa ambayo wenye baa huisahau: ile inayofuata baada ya kufunga. Muziki umezimwa, mwenye baa ameridhika, lakini nje watu kumi wanaagana kwa vicheko, boda tatu zinaunguruma, mtu anamwita mwenzake kutoka ng'ambo ya barabara. Malalamiko mengi ya majirani huzaliwa hapo. Mlinzi wa getini awe na kazi moja tu saa hiyo, kuwaambia wateja kwa heshima washushe sauti, na boda wakubaliane kusubiri upande wa barabara kubwa. Kwa wateja wa baa hii jambo hilo lina faida ya pili, maana kundi la mashoga linalopiga kelele barabarani usiku wa manane ndilo wahuni hulitafuta. Kutoka kimya kimya, wawili wawili, na boda anayejulikana, ni usalama wao kabla ya kuwa usingizi wako.

Kitu cha tatu ambacho upande ule utajaribu, pengine wameshaanza, ni kumwendea mwenye jengo. Leseni huchukua muda, mwenye jengo hutishwa kwa simu moja. Mwambie mwenye baa asome mkataba wake. Kama hauko kwenye maandishi, au ni wa miaka 5 au chini, kwa kawaida biashara kama hiyo inalindwa na sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na sehemu za vyakula, Sura ya 301. Mwenye jengo hawezi kumtoa kwa neno la mdomo wala kwa kufuli jipya. Atatoa notisi rasmi ya angalau miezi 2, na mpangaji anaweza kuipeleka kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara ikasikilizwe. Wapangaji wengi hawajui hili, wanahama wiki ileile wakiacha kaunta waliyoijenga kwa mkopo.

Sasa lile nililokuahidi, la kuficha jina. Wewe unataka kusimama uwatetee hadharani, na moyo wako ni mzuri. Lakini katika nchi yenye kifungu cha 162, jina la baa likishaandikwa kwenye faili ya serikali kama “baa ya mashoga”, faili hiyo inabaki. Leo inasomwa na kamati, kesho na askari anayetafuta pa kuvuna hongo, keshokutwa na mtu aliyempiga picha mwalimu akitoka pale na sasa anamtumia ujumbe wa kumtaka pesa. Kwa hiyo kwenye barua yako usitaje wateja ni akina nani. Najua inauma kumtetea mtu bila kumtaja. Kujitaja ni uamuzi wao, wenye maisha yao, na siku wakiamua kwenda mahakamani kwa kifungu cha 27 cha Katiba kuhusu usawa watakwenda na wakili wao. Wewe wape nafasi ya kuamua hilo wakiwa bado na mahali pa kukaa.

Picha ni jambo zito zaidi ya barua. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka mwelekeo wa kimapenzi wa mtu kwenye kundi la data nyeti, pamoja na hali ya afya na imani. Mtu anayewapiga picha wateja getini na kuzitupa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa akisema “tazameni mashoga wetu” anacheza na sheria hiyo, na pia na ile ya makosa ya mtandao ya 2018 inayoadhibu kumsumbua mtu mtandaoni. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza baa na mkahawa mmoja wa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Ukiona picha kama hizo kwenye kundi lenu, usijibizane. Hifadhi ushahidi, na tarehe na nambari ya aliyetuma, umpe mwenye baa. Mwambie pia asiweke mwenyewe picha za wateja wake kwenye ukurasa wa baa, hata za sherehe nzuri.

Ulichokiona Kisumu kina historia ndefu kwingineko. New York miaka ya 1960 hakukuwa na haja ya kupitisha sheria ya kufunga baa za mashoga, kwa sababu mamlaka ya leseni za pombe ilikuwa inatosha. Baa ikiwahudumia watu waliojulikana kuwa mashoga ilihesabiwa kuwa mahali pa fujo, hata kama hakuna aliyevunja glasi, na leseni ikaondoka. Tarehe 21 Aprili 1966 wanaume wachache wa Mattachine Society, chama cha kutetea haki za mashoga, waliingia baa ya Julius' huko Greenwich Village, wakasema wazi kwamba wao ni mashoga, wakaomba kinywaji. Mhudumu akafunika glasi kwa kiganja chake, na picha ya mkono ule juu ya glasi ikasaidia kuibomoa tafsiri ile. Desemba 2022 jiji lile lile liliitangaza Julius' kuwa jengo la kihistoria linalolindwa. Iko kwenye mtaa wa watu kuishi hadi leo.

London hali ilikuwa nyingine: hakuna aliyezifunga kwa maadili, zilimezwa na kodi na majengo mapya ya kuishi, na kati ya 2006 na 2017 jiji lilipoteza zaidi ya nusu ya kumbi zake za mashoga. Majirani na wateja wa Royal Vauxhall Tavern, baa ya mashoga ya miaka mingi, walipigana hadi Septemba 2015 jengo likawekwa kwenye orodha ya urithi wa taifa. Kisha mwaka 2018 sera ya mipango ya Uingereza ikakubali kanuni ambayo ningependa kuiona hapa kwetu: anayeleta mabadiliko ndiye anayebeba gharama ya kuyafanya yakae na waliotangulia. Ukijenga fleti kando ya baa ya zamani, vioo vizito na kuta za kuzuia sauti ni juu yako. Na kwa uadilifu niseme, kanuni hiyo inakata pande zote mbili. Kwenu baa ndiyo iliyokuja kuwakuta wenye nyumba. Kwa hiyo pazia, mpira na mlinzi ni gharama yake, na azilipe bila kuombwa mara mbili.

Majirani je? Nenda kwao mmoja mmoja, usisubiri mkutano. Anza na wale wa ukuta kwa ukuta na baa, hata kama ndio waliotia saini wa kwanza. Waulize swali moja: “Nini hasa kinakusumbua?” kisha unyamaze. Utashangaa wangapi watataja gari lililozuia geti, au chupa kwenye mtaro, au mtu aliyekojoa kwenye ua. Hayo yanarekebishwa wiki hiyo hiyo, na aliyerekebishiwa jambo lake huanza kuchoka na karatasi. Atakayekuambia “watoto watajifunza nini?” ni mzazi kama wewe, mjibu kama mzazi. Mtoto haruhusiwi kuingia baa yoyote, hii au ile, na akiwaona watu wazima wanaingia mahali, wananunua, wanatoka na kusalimia, hajaona kitu cha kumdhuru. Akiona watu wazima wa mtaa wake wakikusanyika kuwatoa wenzao kwa mawe, hilo amejifunza. Usichelee kulisema hili la pili. Watu wazima wa Nyanza na Bonde la Ufa wameshaona mtaa ukigeuka, wanajua huanzia kwenye orodha ya majina.

Kanisani usiende kushindana aya. Mchungaji wako hatabadilisha mahubiri yake kwa ajili ya baa, na wewe huna haja abadilishe. Mwombe kitu kidogo anachoweza kukupa: aseme kutoka madhabahuni, bila kutaja mahali, kwamba muumini hatamvamia mtu wala kuharibu mali ya mtu. Wengi watakubali. Na chifu vilevile. Mwambie una hofu ya fujo mtaani, kwa sababu kuchochea watu wavamie jengo ni kosa kwa yeyote, na amani ya eneo ndiyo kazi yake. Chifu aliyeambiwa mapema hawezi kusema baadaye kwamba hakujua.

Karatasi ikifika mlangoni kwako, na itafika, mwambie anayeibeba: “Mimi sijasikia kelele yao, siwezi kuandika kwamba nimesikia. Ile ya stendi niletee leo nitie saini.” Halafu mkaribishe chai. Usimfungie mlango, utakutana naye msibani na harusini kwa miaka ishirini ijayo.

Barua yako kwa kamati ifanane na hii:

“Kwa Kamati ya Leseni za Vileo ya Kaunti Ndogo. Mimi ni mkazi wa mtaa huu tangu mwaka fulani, na nyumba yangu iko umbali fulani kutoka kwenye baa hii. Naunga mkono leseni yake ihuishwe. Kwa muda wote huo sijaona ugomvi getini pake, sijaona mtoto akiuziwa pombe, na muziki haujanizuia kulala. Taa yao ya nje humsaidia kila anayerudi nyumbani usiku. Palipo na lalamiko la kelele, naomba lichunguzwe kwa kupimwa, na kipimo hicho kitumike kwa baa zote za mtaa. Niko tayari kufika mbele ya kamati.” Kisha jina, nambari ya kitambulisho, simu na saini.

Andika tu yale uliyoyaona kwa macho. Kama kuna usiku muziki ulikuamsha, useme, na useme ulichofanya na walivyojibu. Pata watu watano au sita waandike kila mmoja kwa mkono wake na kwa maneno yake. Kamati huipa uzito zaidi barua ya mtu mmoja anayejua tarehe na saa kuliko saini hamsini zilizo chini ya sentensi moja. Nimekaa kwenye vikao hivi vya kutosha kuona mwenyekiti wa wakazi akisimama na kusema “baa hii inaharibu mtaa”, akaulizwa lini, vipi, nani aliumia, polisi walipewa ripoti nambari gani, na akabaki anatazama karatasi yake. Mtu yeyote anaweza kuweka pingamizi dhidi ya leseni, lakini lazima aeleze sababu, na mwombaji ana haki ya kuijibu. Mwenye baa afike mwenyewe, na leseni zake zote kwenye folda moja: ya biashara, ya afya, ya zimamoto, ya muziki, idhini ya ardhi. Zile zile ziwe zimetundikwa ukutani kwenye baa, pale askari anayeingia atakapoziona kabla hajafungua mdomo.

Mwelekeze pia kwa watu. Kisumu kuna NYARWEK, muungano wa vikundi vya mashoga, wasagaji na wengine wa Nyanza, Bonde la Ufa na Magharibi, na wanajua mambo ya usalama na msaada wa sheria kuliko jirani yeyote mwenye nia njema. Wewe si lazima ubebe kila kitu.

Kamati ikikataa leseni, wasifunge mdomo wala wasifungue baa kwa nguvu. Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 vinampa mwenye baa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Aziombe wiki hiyo hiyo. Sababu ikiwa ni umbali na shule au matumizi ya ardhi, anajua cha kurekebisha. Ikiwa ni “maadili” peke yake, wakili wake ana kitu cha kukatia rufaa, na barua zenu zitakuwa sehemu ya kumbukumbu za kikao, zikionyesha kwamba kulikuwa na wakazi waliosema vingine, na kama walisikilizwa au la. Peleka yako nakala mbili kwenye ofisi ya kaunti ndogo, na usiondoke pale dirishani kabla nakala yako haijapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.